Bunduki ya bradi kwa mbao za urembo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa fundi au mwenye nyumba anayetaka kununua bunduki ya misumari midogo kwa kazi za kumalizia: skatingi (ubao wa chini ya ukuta), konisi (urembo wa juu, ukuta unapokutana na dari), akitrevu (mbao zinazozunguka fremu) za milango na madirisha, na bidi (vipande vyembamba vya urembo) za makabati. Tunaanza na mambo ya msingi, kisha tunaingia kwenye hali zinazosumbua. Msimamo unaopita katika majibu yote ni huu: chagua msumari kwanza, ndipo uitafute bunduki inayoupiga. Wengi huanza na bunduki, halafu wanagundua kwamba msumari wake mrefu kuliko yote haufiki kwenye mti ulio nyuma ya ukuta.

## Mambo ya msingi

Bunduki ya bradi ni nini hasa?

Ni mashine ya mkononi inayopiga msumari mwembamba wa geji 18, wenye kichwa kidogo mno, kwa pigo moja. Msumari unazama chini kidogo ya uso wa ubao na kuacha kitundu ambacho puti kidogo inakiziba. Misumari huja ikiwa imegandishwa pamoja kwa gundi kama ukanda, na ukanda huo unaingizwa kwenye magazini iliyo chini ya bunduki.

Unene wa msumari wenyewe ni karibu milimita 1.2 kwa upande mmoja na milimita 1 kwa upande mwingine. Wembamba huo ndio faida yake, na ndio udhaifu wake pia. Haupasui ubao kirahisi, lakini haubebi mzigo.

Nyundo na msumari wa kawaida vina shida gani?

Nyundo inafanya kazi, ila kwenye mbao za urembo inakudai mikono mitatu: mmoja ushike ubao, mmoja msumari, mmoja nyundo. Kila pigo linausogeza ubao kidogo, na kona uliyoikata kwa digrii 45 inafunguka. Bunduki inakuachia mkono mmoja mzima wa kukandamiza ubao mahali pake, na pigo linaisha kabla ubao haujapata nafasi ya kuhama. Kasi ni faida ya pili. Usahihi wa kona ndio unaoifanya bunduki ilipe gharama yake.

Geji ni nini, na kwa nini namba ikipanda msumari unakuwa mwembamba?

Geji ni kipimo cha unene wa waya. Zamani waya ulivutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo, na kadiri ulivyovutwa mara nyingi ndivyo ulivyozidi kuwa mwembamba na namba yake ikapanda. Kwa hiyo geji 23 ni nyembamba kuliko 18, na 18 ni nyembamba kuliko 15.

Kwenye boksi kumeandikwa F30 au F50. Maana yake nini?

Herufi F inataja aina ya msumari, yaani bradi ya geji 18. Namba ni urefu kwa milimita. Boksi la F30 lina bradi za milimita 30, na la F50 lina za milimita 50.

Namba hiyohiyo ikiandikwa kwenye bunduki inataja urefu wa juu kabisa ambao bunduki inapiga. Bunduki ya F30 kwa kawaida hupiga kuanzia milimita 10 hadi 30, na ya F50 kuanzia milimita 15 au hivi hadi 50. Soma kibandiko cha bunduki yenyewe, kwa sababu kiwango cha chini hutofautiana. Ukikuta ST badala ya F, hiyo ni misumari minene ya kupiga kwenye zege na haiingii kabisa kwenye bunduki ya bradi.

## Kuchagua msumari

Nitajuaje urefu unaonifaa?

Hesabu tabaka zote ambazo msumari unapita kabla ya kufika kwenye mti unaoshika, kisha ongeza angalau milimita 20 za kuingia kwenye mti huo.

Tuchukue skatingi ya milimita 15 juu ya ukuta wa jipsamu bodi wa milimita 12.5. Msumari unatumia milimita 27.5 kabla haujagusa mti wa ndani. Bradi ya 30 itaingia kwenye mti kwa milimita 2.5 tu, ukiongeza na ile milimita moja au mbili ya kuzama. Skatingi itaonekana imeshika siku hiyo, na itaachia mtu atakapoiegemeza kiatu. Hapo unahitaji bradi ya 50. Hesabu hii ndiyo sababu tunawashauri wanaofanya kazi za nyumba kununua bunduki inayofika milimita 50 hata kama ya 30 ni nyepesi na nafuu.

Upande wa pili wa hesabu ni urefu uliozidi. Bidi ya milimita 8 juu ya plaiwudi ya milimita 18 inaleta unene wa milimita 26. Bradi ya 25 inaonekana salama, lakini ukiizamisha kwa milimita 2 ncha inafika 27 na kuchungulia ndani ya kabati. Tumia ya 20, hata kama haifikishi zile milimita 20 za kushika, maana kwenye bidi gundi ndiyo inayobeba kazi.

Bradi zinatosha kwa mbao zote za urembo?

Hapana, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bradi inatosha kwa mbao nyembamba na nyepesi: bidi, skatingi ya kawaida, konisi ndogo, na ule ukingo mwembamba wa akitrevu unaogusa fremu ya mlango. Ukingo wa nje wa akitrevu hiyohiyo, unaopita juu ya ukuta hadi kwenye mti wa ndani, unashikwa vizuri zaidi na msumari wa geji 16 au 15.

Fremu ya mlango wenyewe usiifunge kwa bradi peke yake. Mlango una uzito, unafungwa kwa kishindo kila siku, na bawaba zinavuta. Hapo ni geji 15, pamoja na skrubu ndefu kwenye bawaba. Vivyo hivyo ngazi, rafu za kubeba mizigo, na kitu chochote ambacho kikianguka kinaumiza mtu.

Geji 15, 16, 18 na 23: ninunue ipi kwanza?

Kwa anayenunua moja tu, geji 18 ya kufika milimita 50. Inagusa kazi nyingi kuliko zote, na misumari yake inapatikana kirahisi.

Ya pili inategemea kazi yako inaelekea wapi. Anayefunga milango na skatingi nene aongeze geji 16 au 15. Geji 16 huwa na magazini iliyonyooka na msumari wa hadi milimita 64. Geji 15 nyingi zina magazini iliyoinama, jambo linalousaidia mdomo kuingia kwenye kona zenye nafasi finyu. Zipo zenye misumari ya pembe tofauti, na misumari ya pembe moja haiingii kwenye bunduki ya pembe nyingine, kwa hiyo angalia pembe kabla ya kununua boksi.

Anayetengeneza makabati na fremu za picha aongeze geji 23. Pini zake ni nyembamba kama milimita 0.6, nyingi hazina kichwa, na kitundu chake karibu hakionekani. Hazishiki kitu zenyewe. Kazi yake ni kuzuia kipande kisihame hadi gundi ikauke.

Je, nitumie gundi pia?

Ndiyo, pale ambapo mbao inagusana na mbao. Kwenye kona za digrii 45 na bidi za kabati, gundi ya mbao ndiyo inayobeba kazi kwa miaka, na bradi ni kibano cha saa chache. Ukilielewa hili hutapiga bradi kumi pale panapotosha tatu, na utakuwa na matundu machache ya kuziba.

Skatingi juu ya ukuta ni jambo jingine. Mwenye nyumba anaweza kutaka kuitoa siku moja, na gundi ya ujenzi itang'oka na plasta. Hapo tegemea misumari iliyofika kwenye mti, na uipige kwa kuinamisha, mmoja ukielekea kushoto kidogo na unaofuata kulia. Misumari iliyopishana pembe haichomoki kirahisi hata ikiwa myembamba.

Kuna bunduki zinazopiga bradi na stepla kwa pamoja. Zinafaa?

Kwa mgongo wa kabati na plaiwudi nyembamba zinafaa, maana stepla ina miguu miwili na inashika karatasi za mbao vizuri. Kwa urembo unaoonekana hatuzipendekezi. Ulimi wa kugongea, yaani kipande cha chuma kinachoupiga msumari, ni mpana kuliko kichwa cha bradi, kwa hiyo kila bradi inaacha alama kubwa kuliko inavyostahili.

## Upepo, betri, gesi au umeme wa waya

Ipi ni bora kwa kazi za kumalizia?

Kama tayari una kompresa (mashine ya kubana hewa), nunua ya upepo bila kusita. Ni nyepesi, kati ya kilo 1 na 1.5 hivi, ina vipuri vichache, na oringi (pete za mpira zinazozuia hewa isivuje) zikichoka fundi yeyote mwenye subira anazibadilisha. Pigo lake halibadiliki mradi presha haijashuka. Unapofanya kazi juu ya ngazi ukifunga konisi, mkono umenyooka juu ya kichwa, tofauti ya kilo moja unaisikia begani kabla chumba cha kwanza hakijaisha.

Betri inashinda pale ambapo safari ya kubeba kompresa ni ndefu kuliko kazi yenyewe: kurekebisha akitrevu moja ghorofani, kufunga bidi kwenye nyumba inayokaliwa na watu, kazi mahali pasipo na umeme. Hakuna mpira wa hewa wa kuburuta sakafuni ukichafua kuta zilizopakwa rangi jana. Unachokilipia ni bei ya juu na uzito wa kati ya kilo 2.5 na 3.5 ikiwa na betri. Bunduki ya betri ikifa, mara nyingi matengenezo yake ni ya kwenye karakana maalumu.

Za gesi hutumia kopo dogo la gesi linalowashwa kwa cheche ya betri. Zina nguvu na hazina mpira, lakini zinatoa harufu, zinahitaji kusafishwa ndani mara kwa mara, kopo lina tarehe ya mwisho, na kwenye baridi kali zinagoma. Kwa urembo wa ndani hatuoni sababu ya kuzichagua kama betri inapatikana.

Je, zile za umeme wa waya, zisizo na kompresa wala betri?

Ni za bei ya chini, na kwa mbao laini na bradi fupi zinafanya kazi. Kwenye mbao ngumu nyingi huuacha msumari umesimama nusu. Pia hurudi nyuma kwa nguvu unapopiga, na kurudi huko ndiko kunakoacha mdomo ukagonga ubao mara ya pili na kuacha kovu. Zinafaa kwa kazi za hapa na pale.

Bunduki za betri zote zinafanya kazi namna moja?

Hapana. Aina moja ina gurudumu zito linalozungushwa na mota. Ukibonyeza, gurudumu linausukuma ulimi. Hizi hutoa mlio wa kuvuma kabla ya pigo, na baadhi zina kuchelewa kidogo kati ya kubonyeza na kupiga. Aina nyingine ina silinda iliyofungiwa hewa au nitrojeni. Mota inairudisha pistoni nyuma, hewa inabanwa, na ukibonyeza triga inaachiliwa. Hizi hupiga papo hapo, na mkononi zinafanana zaidi na za upepo.

Ukiwa dukani, omba kuzijaribu zote mbili kwenye kipande cha ubao. Kule kuchelewa kunawakera wengine, hasa unaposhikilia kona iliyokaa sawasawa na unataka ipigwe sasa hivi.

Kompresa ya ukubwa gani inatosha?

Ndogo. Pigo moja la bradi linatumia karibu lita 1 ya hewa ya kawaida, kutegemea bunduki. Tangi la lita 6 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 6 linatoa hewa ya kawaida lita 12, yaani mapigo kama kumi na mbili kabla mota haijawaka tena. Katika kazi za urembo unapima, unakata, unajaribu, ndipo unapiga misumari mitano au sita. Mota ina muda wa kutosha kujaza tangi. Kompresa kubwa ya kupulizia rangi itafanya kazi, lakini utaibeba bure.

Kelele ipe uzito. Kompresa ndogo yenye sauti ya chini ndani ya nyumba ya watu ina thamani kuliko lita kumi za ziada.

Niweke presha ngapi?

Bunduki nyingi za bradi zinafanya kazi kati ya bar 5 na bar 8, yaani kama psi 70 hadi 120. Anza na bar 6. Piga kwenye kipande cha mabaki cha ubao uleule, si ubao mwingine wowote ulio karibu. Msumari ukibaki juu, panda kwa nusu bar. Ukizama sana, tumia kwanza kirekebisha kina kilicho mdomoni kabla ya kushusha presha. Usipite kiwango kilichoandikwa kwenye bunduki. Presha iliyozidi inazichosha oringi na kuupinda ulimi.

## Kukagua kabla ya kulipa

Nikishaamua aina, nitazame nini kwenye bunduki yenyewe?

Mdomo kwanza. Tazama kama unaona wazi msumari utatokea wapi. Kazi ya urembo mara nyingi ni kupiga kwenye mfereji mwembamba wa ubao uliochongwa, na mdomo mnene unaoficha ncha utakufanya ukisie. Mdomo mwembamba ni sababu tosha ya kulipa zaidi. Hakikisha pia kuna kifuniko cha mpira cha kulinda uso wa ubao, na kwamba kipo cha akiba, kwa sababu hupotea.

Pili, kirekebisha kina. Kiwe cha kuzungusha kwa kidole, chenye kubakia mahali pake hata mashine ikitikisika.

Tatu, kizuizi cha kupiga bila msumari. Bunduki yenye kizuizi hicho hugoma misumari inapokaribia kwisha. Isiyo nacho itaendelea kupiga, ulimi utaacha alama ubaoni bila msumari ndani, nawe utaziba matundu hayo kwa puti ukidhani ubao umefungwa. Kwenye konisi kosa hilo linajulikana pale ubao unapoanza kuning'inia.

Vingine ni vya kutazama kwa haraka: mdomo unaofunguka bila bisibisi msumari ukikwama, dirisha la kuona misumari iliyobaki, tundu la kutolea hewa linaloweza kuzungushwa lisikupulize vumbi usoni. Kama kuna ndoano ya mkanda, iwe ya kugeuza pande zote.

Kuna triga ya pigo mojamoja na triga ya mfululizo. Nichague ipi?

Pigo mojamoja. Katika mfumo huo unabana mdomo ubaoni kwanza, kisha unabonyeza triga, na lazima uachie vyote kabla ya pigo jingine. Katika mfululizo unashikilia triga na bunduki inapiga kila mdomo unapogusa kitu. Mfululizo una kazi yake kwenye sakafu za plaiwudi na mapaa. Kwenye urembo hauna haraka hiyo, na ndio unaosababisha pigo la pili lisilotakiwa na majeraha ya mkono. Bunduki yenye swichi ya kuchagua ni sawa, mradi ibaki upande wa mojamoja.

Kununua iliyotumika ni busara?

Ya upepo, ndiyo, ukikagua. Iunge kwenye kompresa na usikilize kabla hujagusa triga: hewa inayovuja mfululizo ni oringi, jambo la kutengenezeka. Chomoa mpira, toa misumari, fungua mdomo na utazame ncha ya ulimi. Ikiwa imeliwa upande mmoja au imeviringika, itakwama kila mara, na kabla ya kununua uwe na uhakika kwamba ulimi wa kubadilisha unapatikana. Ya betri iliyotumika tungeiacha, isipokuwa betri zake ni zile ulizonazo tayari kwa mashine nyingine.

## Kazini

Msumari unapinda na kutokea ubavuni mwa ubao. Tatizo ni bunduki?

Mara chache. Ncha ya bradi imekatwa kama patasi, haikuchongoka kama sindano. Ikikutana na mstari mgumu wa ubao au fundo, inateleza na kuufuata mstari huo, na msumari mwembamba hauna ubavu wa kukataa.

Geuza bunduki robo duara. Bunduki ikiwa imekaa kukingama na nyuzi za ubao, upindaji mara nyingi unaelekea kwenye urefu wa ubao badala ya kutoka usoni. Kuna faida ya pili: kichwa cha bradi kimetokeza pande mbili tu, kukingama na ukanda wa misumari, kwa hiyo ukiishika bunduki namna hiyo kichwa kinalala sambamba na nyuzi na kitundu kinakuwa chembamba. Ikiendelea kupinda, tumia msumari mfupi, maana mrefu una nafasi zaidi ya kupotea njia.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke vidole karibu na mahali unapopiga. Chukua urefu wa msumari, uzidishe mara mbili, na mkono unaoshika ubao usikaribie zaidi ya hapo. Miwani ya kinga ni ya lazima kwa kila pigo.

Misumari mingine inazama, mingine inabaki juu, na mpangilio sijagusa. Kwa nini?

Kwanza angalia mkono. Bunduki isipobanwa sawasawa inaruka nyuma na kina kinapungua. Kisha angalia kipimo cha presha cha kompresa wakati unapiga: presha ikishuka, au mpira ukiwa mrefu na mwembamba mno, msumari wa mwisho hauna nguvu ya wa kwanza. Ubao wenyewe nao una sehemu ngumu na laini. Lenga kuzama kwa milimita 1 hadi 2. Kilichobaki juu kizamishe kwa nyundo na kizamishio cha misumari, usikipige tena kwa bunduki.

MDF inavimba kuzunguka msumari. Nifanyeje?

MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, haina nyuzi za kusogea, hivyo msumari unapoingia unasukuma unga wake juu na kuacha kilima kidogo. Punguza kina kidogo, acha kilima, kisha kikwangue kwa patasi kali kabla ya puti. Ukipiga msasa peke yake unakikandamiza, nacho kitarudi kuvimba kikikutana na unyevu wa rangi. Usipige kwenye ubavu wa MDF kwa bradi ndefu. Tabaka zinapasuka katikati.

Ubao unapasuka nikipiga karibu na mwisho.

Sogea ndani angalau milimita 25. Kama kona inahitaji kufungwa karibu zaidi ya hapo, tumia pini ya geji 23 na gundi. Mbao ngumu iliyokauka sana itapasuka hata kwa bradi. Hapo toboa tundu dogo kwanza.

Msumari umekwama mdomoni.

Chomoa mpira au betri kabla ya kufanya chochote, kila mara. Toa ukanda wa misumari, fungua mdomo, vuta uliopinda kwa koleo. Ukikwama mara moja kwa siku, jambo la kawaida. Ukikwama kila baada ya misumari michache, sababu huwa ni moja kati ya hizi: misumari ya geji isiyo yake, ukanda uliovunjikavunjika au wenye kutu, au ulimi uliochakaa kama ilivyoelezwa kwenye swali la bunduki iliyotumika.

Nimekosea mahali. Nautoaje msumari bila kuharibu uso?

Bandua ubao polepole, misumari ikiwa ndani yake. Kisha ugeuze, shika ncha zilizotokeza nyuma kwa koleo na uzivute zipitie nyuma. Kichwa ni kidogo kiasi kwamba kinapita ndani ya ubao, na usoni kinabaki kitundu kilekile cha mwanzo. Ukiusukuma mbele, utang'oa kipande cha rangi na mbao.

Inahitaji mafuta mara ngapi?

Bunduki nyingi za upepo zinahitaji matone mawili au matatu ya mafuta ya zana za upepo kwenye tundu la kuunganishia mpira, kila asubuhi ya kazi. Yakizidi yatatoka na hewa na kuchafua ubao ambao haujapakwa rangi, kwa hiyo piga mara kadhaa kwenye mabaki kwanza. Zipo zinazoandikwa kuwa hazihitaji mafuta; hizo usiziwekee, kwani baadhi ya mafuta huvimbisha oringi zake. Mwisho wa siku fungua koki ya chini ya tangi maji yatoke.

## Hali zisizo za kawaida

Ukuta wangu ni wa tofali au zege, hauna mti ndani. Bradi itaingia?

Haitaingia. Itapinda au kurudi, na kurudi huko ni hatari. Una njia tatu. Unaweza kufunga papi za mbao ukutani kwa plagi na skrubu, kisha ukapiga bradi kwenye papi. Hii ndiyo njia nadhifu zaidi kwa skatingi pana na konisi. Unaweza kutumia gundi ya ujenzi, na bradi zikashika kwenye plasta kwa saa za kukauka tu, mradi plasta ni nene na laini. Au unaweza kutumia bunduki ya zege yenye misumari ya ST, ukikubali kwamba kichwa chake kitaonekana zaidi na kitahitaji puti nyingi.

Mbao iko bafuni au nje. Bradi za kawaida zitadumu?

Zitashika kutu, na doa litapenya rangi. Tumia za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki. Kwa mwaloni na mbao nyingine zenye tanini nyingi, chagua chuma kisichoshika kutu hata ndani ya nyumba kama kuna unyevu, kwa sababu tanini ikikutana na chuma cha kawaida huacha doa jeusi la samawati ambalo puti haifichi.

Nitazibaje matundu kwenye ubao unaopakwa vanishi badala ya rangi?

Paka vanishi ya kwanza, iache ikauke, ndipo uzibe kwa nta au puti ya rangi inayokaribia ubao, kisha vanishi ya mwisho kama aina ya nta inaruhusu. Puti ikiingia kwenye ubao mbichi inasambaa kwenye vinyweleo na kuacha duara kuzunguka kila tundu. Kwa kazi ya namna hii geji 23 inastahili kufikiriwa upya. Tazama swali la geji.

Kompresa imeharibika. Naweza kuunga bunduki kwenye mtungi wa oksijeni au gesi nyingine?

Kamwe. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya bunduki inaweza kulipuka, na gesi zinazowaka zina hatari hiyohiyo. Mitungi pia ina presha kubwa mara nyingi kuliko mwili wa bunduki unavyostahimili. Bunduki ya upepo inatumia hewa safi ya kompresa yenye kirekebisha presha, basi.

Bunduki imekaa miezi mingi bila kutumika. Nianzie wapi?

Usiiunge mara moja. Toa misumari iliyobaki. Kama ukanda una kutu, utupe. Weka matone machache ya mafuta kwa bunduki inayoyahitaji, iache dakika chache, kisha unga mpira kwa presha ya chini, bar 4 hivi, na usikilize. Oringi zilizokauka huvuja mwanzoni na wakati mwingine hujifunga zenyewe zikilowana. Panda taratibu hadi bar 6, bana mdomo kwenye kipande cha mabaki, piga kama mara kumi na utazame vichwa. Vikizama kwa kina kimoja, iko tayari kwa kazi. Ikiendelea kuvuja kwenye triga au nyuma ya kichwa, nunua seti ya oringi ya modeli hiyo kabla hujaipeleka kwenye nyumba ya mtu.